Nusu ya Pili ya Buruji

Mwito wa mazishi ulipofika mwisho, watu wa kambi waliokuwa kwenye ua wa chuo walikuwa wamesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, macho mbele. Walikuwa wametawanyika miongoni mwa watazamaji: polisi wastaafu, wake zao, watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima, na mlinzi wa lango la chuo, naye mtu wa kambi, aliyekuja kuchungulia. Hakuna aliyewaambia wasimame. Wanafunzi waliokaa kati yao walidhani ni sehemu ya onyesho, na baadhi yao wakatoa simu wakaanza kuwarekodi. Mtu mmoja tu wa kambi hakusimama, naye alikuwa mke wa mzee aliyekuwa akipiga buruji, lile tarumbeta dogo la gwaride. Alibaki kwenye kiti chake cha plastiki, mkoba mapajani, akitazama jukwaa. Kwake yeye, kusimama kungekuwa kukubali kwamba mwanawe amekufa.

Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Mimi nilisimama, kwa sababu nami nimekulia kambini na miguu haikuningoja nifikiri.

Tangu siku hiyo habari hii imesimuliwa kwa namna nyingi, kule mtaa wa Banda wanakoishi mzee huyo na mkewe na katika kambi tuliyotoka. Wengine wanasema Mama, ndivyo tunavyomwita mke huyo, alizirai. Hakuzirai. Wengine wanasema Mzee alilia kule juu kwenye roshani alikopigia, na hao ndio wasiojua kabisa, kwa maana hakuna aliyemwona. Ninaandika nilichokiona na nilichosikia kwa walioshiriki, kwa mpangilio wake.

Tamasha lenyewe ni la kitivo cha sanaa cha chuo kikuu kimoja upande wa mashariki wa Kampala. Ni tamasha la muziki na sanaa ya leo, kwa hiyo mtu anayekuja kutafuta ngoma za harusi hurudi amekunja uso. Kwa siku chache madarasa hugeuka kumbi za maonyesho, na kila ngazi ina mtu aliyekaa akibishana kuhusu rangi. Mwaka huo waliamua kijitabu cha ratiba kiwe na Kiswahili pia, kwa sababu walitarajia wageni kutoka Nairobi, Arusha na Bukavu. Walitaka mtu atakayeandika Kiswahili ambacho Mtanzania hatakicheka. Nilikuwa nimefanya kazi ya habari redioni kwa miaka mingi, nikaitwa. Mhadhiri wa muziki aliyenipokea alisoma ukurasa wangu wa majaribio, akanitazama juu ya miwani.

"Kiswahili chako kimenyooka," alisema. "Ulikuwa jeshini?"

"Nilikuwa kambini, ssebo. Kambi ya polisi. Nilikuwa mtoto," nilijibu, nikimwita bwana kwa Kiganda.

Akaridhika. Hapa mjini Kiswahili ni lugha ya askari, na bado kinaulizwa kimetoka wapi, kama mgeni aliyefika na mzigo.

Ili niweze kueleza kazi kwa maandishi ilinibidi nihudhurie mazoezi. Ndivyo nilivyokutana na msichana mtunzi. Alikuwa mwaka wa mwisho, binti wa askari wa usalama barabarani, amekulia nyumba zilezile za mabati za mviringo nilizokulia mimi, ila mimi nilikuwa nimeondoka zamani. Kazi yake ya kumalizia shahada ilikuwa utunzi kuhusu sauti za kambi. Alikuwa amerekodi fagio za akina mama kwenye changarawe asubuhi, filimbi ya gwaride, mabati yanavyolia jua linapoanza kuyapasha. Sauti hizo zilitoka kwenye spika, na kuzizunguka alikuwa ameweka fidla mbili, selo, na amadinda, yale marimba makubwa ya magogo ambayo wapigaji wake hukaa wakitazamana. Mwishoni, kutoka nyuma ya watazamaji, iliingia buruji.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwa mtu wa kambi halina haja ya maelezo. Katika bendi yetu ya polisi mwito wa mazishi haukupigwa wote wakati wa mazoezi. Mpiga buruji alifika katikati, kwenye nota moja ndefu, akakata, akafuta mdomo wa buruji, akaendelea na jambo jingine. Nusu ya pili aliifanyia mazoezi siku nyingine, akianzia pale. Nusu mbili zilikutana kaburini tu. Sisi watoto tulikuwa tukicheza nyuma ya laini za nyumba, na tukisikia nusu hatukuacha mchezo. Tukisikia yote, mama zetu waliweka chini walichoshika, wakasimama, na ulipokwisha wakaulizana ni nani. Kuupiga wote bila kaburi lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kusikia limefanywa na mtu, hata mlevi.

Msichana alijenga kazi yake juu ya desturi hiyo. Buruji ingepiga nusu ya kwanza na kunyamaza. Ungefuata ukimya, na ndani ya ukimya ule fidla zingeingia taratibu na kuumaliza utunzi kwa njia nyingine kabisa.

Mpigaji aliyemtaka alikuwa mmoja. Mzee huyu alipiga buruji kwenye mazishi ya polisi miaka yote ya utumishi wake, na baada ya kustaafu akafungua kibanda Banda, akawa ananyoosha na kulehemu matarumbeta ya shule na makanisa. Siku ya mazoezi ya kwanza alikuja na koti la suti na viatu vilivyopigwa rangi. Chuo kilikuwa kimeazima buruji kutoka shule ya sekondari. Aliitoa ndani ya mfuko, akauchungulia mdomo wa buruji kama mtu anayechungulia sikio la mtoto.

"Hii nani alikuwa anapiga?"

"Watoto wa shule, Mzee. Tumeazima tu," msichana alisema.

"Watoto wamekula mandazi ndani yake."

Kijana wa selo akacheka. "Mzee, hata selo yangu inanuka mukene, hawa dagaa. Nalala nayo hosteli, na mwenzangu ndiyo chakula chake."

"Basi wewe tusalimiane kwa macho."

Mhadhiri, ambaye ndiye angewaongoza wapigaji, mwanzoni hakuipenda nusu ile. Alikuwa mtu mpole aliyezoea kuuliza maswali badala ya kukataa.

"Msikilizaji atangoja nusu ya pili," alimwambia msichana.

"Ndiyo, mwalimu. Nataka angoje."

"Na asipoipata?"

"Aende nayo nyumbani."

Mzee alikuwa amekaa pembeni akipuliza mate nje ya buruji. "Na mimi nikiipiga yote, mwalimu," alisema, "maiti utaleta wewe?"

Wote walicheka, mhadhiri pia. Baadaye alinivuta kando akaniuliza kama yale yalikuwa mzaha. Nikamwambia kwamba sehemu ya kuleta maiti ndiyo ilikuwa mzaha.

Mazoezi yalifanyika katika darasa. Msichana alisimama karibu na Mzee, na ilipofika katikati alimgusa kiwiko. Mzee hakuhitaji kuguswa. Kila mara alikata pale pale, akafuta, akakaa.

Nyumbani kwa Mzee kulikuwa na jambo ambalo wote tulilijua. Yeye na mkewe walikuwa na mabinti walioolewa na mtoto mmoja wa kiume. Kijana huyo alipata kazi ya ulinzi Uarabuni kupitia wakala. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, kwa ajili ya mama yake. Kisha ikapita Ijumaa bila simu, ikapita nyingine. Ofisi ya wakala ilikuwa imehama. Waajiri wake walijibu kwamba aliacha lindo kwa hiari yake na hawajui alikoelekea. Wenzake waliorudi kwa nyakati tofauti walihojiwa na ukoo mzima, na hakuna aliyemwona akiwa hai wala amekufa.

Ndoa ya wazee hawa ni ya dini mbili, kama nyingi za kambini. Mzee ni Mkatoliki kutoka kaskazini, ng'ambo ya mto. Mama ni Mwislamu, na ukutani kwao kalenda ya kanisa na ya msikiti zinaning'inia msumari mmoja. Sijawahi kusikia wakigombana kwa hilo. Lakini kijana alipopotea, kila upande ulikuwa na utaratibu wake. Ukoo wa Mzee, mtu akipotea mbali na mwili usipatikane, huzika tunda la mvungunya mahali pake, tunda lile refu lenye urefu wa mkono, likalazwa kaburini na kuombolezewa kama mtu. Baada ya hapo amekufa, na walio hai wanaweza kuendelea. Wazee wa ukoo walikuwa wamelitaka jambo hilo muda mrefu. Lakini haliwezi kufanyika bila neno la baba. Mama kwa upande wake alikwenda Mengo kwa shehe mmoja, mzee wa familia ya wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, akamweleza. Shehe alimwambia kwamba aliyepotea huhesabiwa yu hai mpaka uje ushahidi, au kadhi aamue. Alirudi nyumbani na jibu hilo na hakuliachia tena.

Mzee naye, kila ukoo ulipouliza, alijibu neno moja: bado. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa imesimama kwenye neno hilo, mume kwa sababu zake na mke kwa zake.

Ndiyo maana msichana hakutaka kumpigisha Mzee hadharani bila idhini ya Mama. Nilifuatana naye, kwa kuwa nilihitaji pia kujua Mzee aelezwe vipi kwenye kijitabu. Tulimkuta Mama barazani akishona sare za shule.

"Unataka kumpigisha ile kitu mbele ya watu," alisema bila kusimamisha cherehani.

"Nusu, Mama."

"Nusu ya mwanzo ama ya mwisho?"

"Ya mwanzo. Anaishia katikati, halafu fidla zinaingia."

"Na watu wa kambi wanakuja?"

"Tumewaalika wote."

"Watakaa?"

"Watakaa, Mama. Kwa nusu hakuna mtu anasimama."

Mama alikata uzi kwa meno. "Kale, sawa. Na mimi nakuja nikae na wao. Tangu astaafu simsikii, ni kugombana tu na matarumbeta ya watoto wa shule."

Mzee alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Anataka kuhakikisha kama meno bado yapo."

"Yale mawili ya mbele," Mama alisema. "Hayo mengine tulishayaaga."

Nilipomuuliza Mzee nimwandike vipi, alisema niandike kwamba ni mpiga buruji. Nikamuuliza kama niongeze mstaafu. Akafikiri, akasema hapana.

Siku ya onyesho wingu lilianza kujikusanya upande wa ziwa tangu mchana. Nilizunguka maonyesho kabla ya muziki. Chumba kimoja kilikuwa kimetundikwa lubugo, nguo ya gome la mti, iliyoshonewa nyaya za kuchajia simu zikining'inia kama mizizi. Kwenye korido alikuwapo samaki mkubwa wa vipande vya madumu ya maji, manjano tupu, na watoto wa wafanyakazi wa chuo walikuwa wakimpanda mgongoni huku msanii akijaribu kuonekana hajali. Uani kijana alikuwa akitoa milio kutoka kompyuta yake, mlio mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Wanafunzi wawili wa uhandisi walisimama nyuma yangu.

"Hii ni muziki ama wanapima spika?"

"Ukiona watu hawachezi na hawaondoki, ni muziki."

"Na tukiondoka?"

"Basi watasema hatukuelewa. Simama kidogo."

Kwa sababu ya mvua iliyotishia, mpangilio ulibadilishwa. Mzee alikuwa asimame nyuma ya viti, chini, msichana kando yake kama kwenye mazoezi. Lakini ardhi pale nyuma ilikuwa imelowa maji ya bomba tangu asubuhi na nyaya za spika zilipita hapo hapo. Wakaamua apande roshani ya jengo la sanaa, ghorofa ya kwanza, nyuma na juu ya watazamaji. Msichana mwenyewe ilimbidi akae mbele kwenye mitambo ya sauti, kwa kuwa aliyeahidi kuisimamia alikuwa amevutwa na onyesho jingine. Hapakuwa na mtu wa kugusa kiwiko. Mhadhiri alimwambia Mzee atazame mkono wake.

"Utaniona vizuri kutoka kule juu. Nitauinua hivi, kiganja wazi."

Mzee aliutazama ule mkono, akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesimama nao. Hakuna aliyeuliza mkono ungekuwa na maana gani, kwa kuwa kila mmoja aliona unajieleza.

Mama alifika na jirani zake wa zamani wa kambini, amevaa gomesi ya buluu, lile gauni refu la mkanda, na mtandio. Walikaa pamoja mstari wa kati, wakaanza kuulizana habari za watoto na magoti. Wapiga amadinda walipoanza, na fagio zikasikika kwenye spika, mwanamke mmoja wa kambi alicheka kwa sauti ndogo.

"Huyo ni mimi," alimwambia Mama. "Fagio yangu ndiyo ilikuwa inavuta hivyo."

"Ni wewe," Mama alisema. "Hukuwahi kufagia pembeni."

Utunzi ulikwenda vizuri. Ulipokaribia mwisho wapiga amadinda walinyamaza mmoja mmoja, na buruji ikaanza kutoka juu nyuma yetu. Niliona mabega ya watu wa kambi yakibadilika, lakini walikaa. Walikuwa wameambiwa ni nusu. Mzee alifika kwenye nota ndefu, akaishika, akaikata mahali pake. Jukwaani mhadhiri aligeukia roshani, akainua mkono, kiganja wazi. Ukimya ukaingia kama ulivyoandikwa. Ulikaa. Kijana wa selo alikuwa tayari ameinua upinde wake.

Kisha buruji ikaanza tena, pale ilipokatwa, ikapiga nusu ya pili.

Sitaeleza uzuri wake. Walioelewa walisimama katika nota za kwanza, mmoja huku, wawili kule, kisha wote. Mama pekee alibaki chini kati yao, na kutoka nilipokuwa niliona mkono wake ukifungua klipu ya mkoba na kuifunga. Mhadhiri alibaki na mkono juu kwa sababu hakujua afanye nini nao. Buruji ilipokwisha, fidla ziliingia zikiwa zimechelewa, na utunzi ukamalizika. Makofi yalikuwa mengi. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alisema karibu nami kwamba lile la watu kusimama ndilo wazo bora aliloliona katika tamasha zima.

Watu wa kambi hawakupiga makofi. Walikuja kwa Mama, na sajini mmoja mstaafu akainama.

"Mama, nani ametutoka?"

"Hakuna mtu."

"Lakini Afande amepiga yote."

"Afande amekosea."

Yule mwanamke wa fagio alimshika mkono. "Pole," alimwambia, kwa sauti inayotumika matangani.

Mama aliutoa mkono wake, akauficha ndani ya mtandio. "Pole ya nini? Ya mvua? Haijanyesha."

Mzee alishuka ngazi ameishika buruji kwa leso. Mhadhiri alimfikia kabla ya wengine.

"Mzee, tulikubaliana nusu."

"Niliona mkono."

"Mkono ulikuwa wa kushikilia ukimya."

"Kwetu bendini huo ni wa kuendelea," Mzee alisema. "Wa kusimama ni ngumi, unaishusha hivi."

Mhadhiri alifumba macho kidogo, akaomba radhi, tena na tena, kwa Mzee, kwa msichana, na mwisho kwa Mama, ambaye alikuwa amefika na alikuwa amesikia yote. Uso wake ulilegea. Alimchukulia mumewe koti, akalikung'uta ingawa halikuwa na vumbi. "Nimesema mimi," aliwaambia waliomfuata. "Amekosea tu." Wakaondoka kwa miguu kushuka Banda, na mvua ikaanza walipokuwa, nadhani, wamefika.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Kosa la ishara kati ya bendi mbili linaeleweka. Niliwauliza wanabendi wengine wawili wastaafu, kila mmoja kwa wakati wake, nao walinionyesha ishara zilezile bila kusita: kiganja wazi juu ni endelea, ngumi chini ni acha. Hilo ni kweli.

Lakini baada ya siku kadhaa kijana wa selo aliniambia jambo ambalo msichana pia alikuwa ameliona na alikuwa hajalitamka. Mkono wa mhadhiri uliinuka mara tu Mzee alipokata. Kama aliufuata mkono, angeanza mara moja. Hakuanza. Tulisikiliza rekodi ya onyesho pamoja, sisi watatu, katika chumba cha mazoezi. Ukimya ule ni mrefu kuliko wa mazoezi yoyote. Unatosha mtu kushusha buruji, kuifuta, kuishika upya. Unatosha pia mzee kuutazama mkono kutoka mbali, kushangaa, na kujiuliza kama kweli anaambiwa aendelee. Rekodi haisemi ni lipi.

Niliporudi kwa Mama kumpelekea picha zake za siku ya tamasha, hakuniuliza habari za mkono. Aliuliza kitu kingine.

"Aligeukia wapi?"

Nilielewa. Kaburini mpiga buruji huligeukia kaburi. Kwingineko kote hupiga akitazama bendera, au mkuu wa bendi, au mbele tu. Kama Mzee aliutazama mkono wa mhadhiri mpaka mwisho, alikuwa akipiga utunzi wa msichana. Kama aligeuka, kaskazini kwao au popote anapodhani mwanawe alilala, alikuwa akimpigia mtu.

Nikamwambia nitauliza. Nimeuliza. Watazamaji walikuwa wamempa mgongo, wakitazama jukwaa. Watu wa kambi waliosimama hawakugeuza vichwa, kwa sababu mtu aliyesimama kwa mwito ule hageuzi kichwa. Msichana alikuwa ameinamia mitambo. Wapigaji walimtazama mhadhiri. Mhadhiri ndiye pekee aliyeelekea roshani, na miwani yake ni ya kusomea. Aliniambia aliona umbo la mtu na kitu kinachong'aa. Video zote za simu nilizofanikiwa kuzipata zinaonyesha watu waliosimama, na moja inamwonyesha Mama kwa muda mrefu, lakini hakuna hata moja iliyoinuliwa mpaka roshani. Nilimrudishia Mama jibu hilo. Alisema ahsante, akauliza kama nitakunywa chai.

Mzee mwenyewe nilimuuliza mara moja tu, kibandani kwake, akiwa amelishika tromboni la kanisa fulani juu ya moto.

"Nilipiga kama inavyopigwa," alisema, na akaniomba nimshikie upande wa pili.

Habari zilifika kaskazini kabla sijamaliza kuuliza maswali yangu. Sijui nani alipiga simu, lakini kati ya watu wa kambi wenye asili ya kule ningeweza kutaja wengi. Wazee watatu wa ukoo walikuja Banda Jumamosi. Nilikuwapo kwa sababu msichana alikuwa ameniomba nifuatane naye. Utunzi wake ulikuwa umealikwa Nairobi, na alitaka Mzee amwambie aandike nusu au aandike yote. Hakupata nafasi ya kuuliza. Mkubwa wa wale wazee, kaka wa Mzee kwa baba mdogo, alianza mara tu salamu zilipokwisha.

"Tumesikia umepiga."

"Nimepiga kwenye tamasha la chuo."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa makosa ama kwa kusudi?"

Kusema kwa kusudi kungekuwa neno la baba walilolingoja wapate kuzika lile tunda. Cherehani barazani ilikuwa imesimama. Mlango ulikuwa wazi na Mama alikuwa amekaa mgongo kwetu, kitambaa cha sare chini ya sindano, mguu juu ya kanyagio. Mzee aliangalia upande ule, kisha akaangalia sinia.

"Kunyweni," alisema. "Chai inapoa."

Wakanywa. Kwa adabu ya kwao swali kama hilo haliulizwi mara mbili kwa kikao kimoja. Wakazungumza bei ya nguruwe na barabara mpya, na baada ya muda cherehani ikaanza tena.

Jumatatu Mzee alipanda basi pamoja nao. Alichukua begi dogo na koti lake la suti. Alimwambia mkewe anakwenda kutazama paa la nyumba ya marehemu mama yake, ambalo kweli linavuja na limekuwa likivuja kwa muda. Hakusema atakaa siku ngapi. Msichana amepeleka nota Nairobi akiwa ameacha mahali pale wazi, na waandaaji wamemwandikia mara mbili kumuuliza. Mama anashona. Muhula unafunguliwa karibuni na sare ni nyingi. Nilipopita kumsalimu aliniambia kwamba mumewe hupiga simu kila jioni kujua hali, na kwamba anasikika mzima, na kule mvua zinanyesha. Nilimuuliza kama amesema anafanya nini. Alisema hajamuuliza.